Ukumbi wa Taifa wa Kampala na Watazamaji Wake

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Msemo huu wafaa kukumbukwa na kila apitaye mbele ya Ukumbi wa Michezo wa Taifa mjini Kampala, karibu na Bunge. Uso wa jengo hilo unapendeza, kwani saruji yake imetobolewa kwa nakshi mithili ya ukili uliosukwa. Lakini historia ya ukumbi si historia ya saruji, bali ni ya watu: nani waliingia, nani walibaki nje, na ni jambo gani lililowavuta wa nje waingie. Hilo ndilo tunalokusudia kulidokeza hapa, maana sisi walimu wa lugha tuna la kujifunza humo.

Ukumbi huo, wenye viti visivyofika 400, ulifunguliwa Desemba 1959, takriban miaka mitatu kabla ya Uhuru. Hapo mwanzo jukwaa lilikuwa zaidi mikononi mwa vikundi vya ridhaa vya Wazungu na Wahindi. Si kwamba Waafrika hawakuwa na michezo yao. Wycliffe Kiyingi alikuwa amekwisha kuunda kikundi cha waigizaji wa Kiafrika mwaka 1954, naye alitunga kwa Kiganda. Mchezo wake wa redio, *Wokulira*, uliwafikia majumbani watu ambao Kiingereza cha jukwaani hakikuwahusu. Watazamaji walikuwapo basi. Kilichokosekana ni kualikwa.

Novemba 1962, katika shamrashamra za Uhuru, wanafunzi wa Makerere waliigiza ukumbini humo *The Black Hermit*, tamthilia ya mwenzao Ngũgĩ wa Thiong'o. Mtunzi alikuwa Mwafrika na mambo yake yalikuwa ya Kiafrika, ila lugha ilibaki ile ile ya wachache. Wasomaji wetu wanaijua tamthilia hiyo kwa jina la *Mtawa Mweusi*, tafsiri iliyotoka mwaka 1970. Mwaka 1965 Makerere ilichukua hatua nyingine: badala ya kuwangoja watu waje mjini, wanafunzi walisafiri na michezo yao, wakiigiza bila kiingilio, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Okot p'Bitek alipokabidhiwa uongozi wa Kituo cha Utamaduni mwaka 1966, aliuona ukumbi kuwa mahali pa ngoma, nyimbo na masimulizi ya wenyeji, si pa tamthilia za vitabuni tu. Hakudumu, mwaka 1968 aliondolewa. Hata hivyo mlango alikwisha kuusukuma.

Aliyeufungua wazi ni Byron Kawadwa. *Oluyimba lwa Wankoko* yake ya mwaka 1971, yenye muziki wa Wassanyi Serukenya, ni mchezo wa kuimbwa ambao twaweza kuuita opera ya Kiganda. Ndani yake mlikuwa na kicheko, nyimbo na fumbo juu ya unyang'anyi wa madaraka. Mwaka 1977 mchezo huo ulipelekwa kwenye tamasha kuu la sanaa za Waafrika mjini Lagos. Muda mfupi baada ya kurejea, Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa ukumbi, alikamatwa na kuuawa na watu wa serikali ya Idi Amin. Msomaji asiichukulie habari hii kuwa ya kando. Ukumbi usio na watu haumtishi mtawala. Uliojaa watu wanaoelewa kinachosemwa humtisha.

Kiganda kiliwaingiza wengi, lakini si Waganda wote wa Uganda, tukimaanisha raia wa nchi nzima, wanaokijua. Robert Serumaga alilitafutia jambo hilo dawa nyingine: katika *Renga Moi* ya 1972 na *Amayirikiti* ya 1974 mwili, ngoma na sauti vilibeba maana kuliko maneno. Naye Rose Mbowa, katika *Mother Uganda and Her Children* ya 1987, alizikusanya nyimbo na ngoma za makabila mbalimbali katika mchezo mmoja, nchi ikiwa imetoka vitani. Mwaka 1991 Alex Mukulu aliwapa watazamaji historia yao wenyewe katika *Thirty Years of Bananas*. Baada ya mwaka 2000 vikundi vya vichekesho viliwavuta vijana kwa maonyesho ya kila wiki.

Basi twaona kwamba ukumbi huu haukufanywa upya kwa rangi wala kwa viti. Kila mara ulihuishwa na mtu aliyejiuliza: ni nani hayumo humu, naye huzungumza lugha gani? Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Kwa maoni yetu, sheria hiyo ni mlango tu. Mwanafunzi anayekariri ngeli darasani bado yu nje. Mpe nafasi ya kuigiza, naye ataingia ndani.