Aliyekataa Kungoja Kaskazi

Ndugu zangu, Aprili 24, 1498, Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi pamoja na rubani aliyepewa na mfalme wa mji. Kusi ilikuwa ikianza. Haukupita mwezi akaiona India.

Kurudi, hakungoja kaskazi. Aliondoka pwani ya India mapema Oktoba, akapambana na shwari na upepo wa omo. Alikaa baharini miezi mitatu. Kiseyeye kikaua mabaharia wapatao 30. Januari 1499, alipofika kwetu, waliobaki hawakutosha merikebu tatu. Moja akaichoma moto.

Kusi husukuma mkondo wa pwani ya Somalia kwenda kaskazini-mashariki, kaskazi huugeuza. Ndiyo maana majahazi yalingoja bandarini miezi kadhaa. Anayedhani ule ulikuwa uvivu, aulize yaliyompata Da Gama.