Mchuzi wa ng'ombe wa bia: unavyopikwa, na kwa nini usimpakulie kila mgeni

Baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia kwenye nyanda za juu, kama Makete, Njombe, Lushoto au Limuru, watu hupenda chakula cha moto chenye mchuzi mzito, hasa ndugu na majirani wanapokutana. Chakula kimoja kilichozaliwa kwenye baridi kali zaidi ya hiyo ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa bia. Makala haya yanaeleza kinavyopikwa, na jambo moja ambalo mpishi hapaswi kuwaficha wageni.

Asili yake

Chakula hiki ni cha Flanders, eneo la kaskazini mwa Ubelgiji. Kwa Kiholanzi huitwa stoofvlees, na kwa Kifaransa carbonade flamande. Huko bia ndiyo kinywaji cha wenyeji, kwa hiyo iliingia hadi kwenye sufuria. Jirani zao wa Burgundy, Ufaransa, wanaolima zabibu, hupika nyama ya ng'ombe kwa njia inayofanana na hiyo, ila wao hutumia divai. Wabelgiji hula mchuzi huu kwa chipsi. Kwetu unakwenda vizuri na viazi vya kuchemsha, ugali au wali.

Nyama na bia ya kuchagua

Usinunue steki. Mwombe muuza nyama sehemu ya shingo, bega, kifua au muundi. Sehemu hizi ni ngumu kwa sababu zina nyuzi nyingi nyeupe, lakini nyuzi hizo zikichemka taratibu kwa muda mrefu huyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Steki haina nyuzi za kutosha, hivyo hukauka.

Bia nzuri ni ile isiyo chungu sana. Maji yakipungua uchungu huongezeka, na mchuzi unaweza kuharibika. Usitumie kabisa gongo au chang'aa. Pombe hizo hushika moto kwa urahisi, na zinaweza kuwa na methano, sumu inayopofusha na hata kuua. Usitegemee kupika kuondoa hatari hiyo.

Mahitaji kwa watu 10

- Nyama kilo 2, vipande vikubwa
- Vitunguu maji kilo 1
- Bia mililita 500
- Supu au maji ya moto nusu lita
- Unga wa ngano vijiko 2 vya chakula
- Sukari kijiko 1 na siki kijiko 1
- Mafuta, chumvi, pilipili manga
- Vipande 2 vya mkate vilivyopakwa haradali, ukipata

Namna ya kupika

1. Kausha nyama kwa kitambaa safi, itie chumvi, kisha ikaange kidogo kidogo hadi iwe ya kahawia. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na haitakaangika.
2. Toa nyama. Katika mafuta yaleyale kaanga vitunguu kwa moto mdogo, dakika 20 hadi 30, mpaka vilainike na kugeuka rangi ya kahawia. Usiharakishe hapa, maana utamu wa mchuzi unatoka kwenye vitunguu hivi.
3. Nyunyiza unga, koroga dakika 2, kisha rudisha nyama.
4. Epua sufuria, mimina bia polepole kwa sababu hutoa povu jingi, halafu ongeza supu.
5. Weka mkate juu, upande wenye haradali ukitazama chini. Utayeyuka na kuongeza uzito.
6. Rudisha motoni. Ikichemka, punguza moto. Funika na uache itokote taratibu saa 2 na nusu hadi 3. Malizia kwa sukari na siki, ukionja.

Kwenye milima mirefu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi joto 100. Katika mwinuko wa mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo maana hata maharage huchelewa kuiva. Ongeza nusu saa au zaidi.

Ukipikia mkaa, usifungie jiko ndani ya chumba kwa kukimbia baridi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Je, kileo huisha chote?

Hapana. Wengi huamini bia ikichemka tu kileo chote kimeondoka. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba chakula kilichochemshwa pamoja na pombe kwa dakika 15 hubaki na asilimia 40 hivi ya kileo. Baada ya saa 1 hubaki asilimia 25, saa 2 asilimia 10, na saa 2 na nusu asilimia 5.

Chupa yetu, ikiwa na kileo cha asilimia 5, ina mililita 25 za kileo. Mwisho wa mapishi inaweza kubaki zaidi kidogo ya mililita 1 kwa sufuria nzima. Kiasi hicho hakimlevyi mtu, lakini si sifuri.

Kwa Mwislamu, au Mkristo ambaye kanisa lake linakataza pombe, swali si kulewa au kutolewa. Aliyeacha pombe kwa shida anaweza kuamshiwa hamu na ladha tu. Wapo pia wajawazito, watoto, na wagonjwa walioambiwa na daktari wasiguse kileo. Mtu akila bila kujua, kisha akaambiwa baadaye, undugu unaweza kuharibika kwa sababu ya bakuli moja la mchuzi.

Njia rahisi ni kugawa nyama katika sufuria mbili kabla ya kumimina bia. Katika ile ya pili tumia supu tupu, na mahali pa siki weka maji ya ukwaju kidogo. Kila sufuria iwe na upawa wake. Kisha, kabla ya mtu yeyote kupakua, waambie wageni wote kwa sauti ipi ina bia na ipi haina.