Mteremko Bila Gia

Miaka ya shida nchini kwetu huandikwa kwa foleni: foleni ya sukari, ya sabuni, ya unga. Historia ninayoifuatilia kwa tasnifu yangu ya uzamili imo miguuni mwa madereva, na wengi niliozungumza nao wanaishi Pasiansi, kandokando ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza.

Vita vya Oktoba 1973 kati ya Waarabu na Israel, na hatua za nchi zenye mafuta zilizofuata, vilipandisha pipa la mafuta ghafi kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12 ndani ya miezi michache. Tanzania haikuchimba mafuta hata tone. Ilikuwa na pamba, kahawa na katani, ambazo bei yake haikupangwa na waliozilima. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yakaivusha bei hiyo dola 30, wakati ambapo tulikuwa tumetoka kupigana na Idi Amin, na vita hunywa dizeli. Mwanza ilikuwa na mzigo wake wa ziada. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, na Kisumu, jirani yetu kwa meli, ikawa haifikiki. Mji ukabaki ukitazama reli ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Behewa likikwama njiani, watu wanatembea.

Katika miaka hiyo serikali ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Amri hiyo imeingia vitabuni. Madereva wanakumbuka vingine.

"Mafuta yalikuwa ya mgao, mjukuu wangu," aliniambia mzee mmoja aliyeendesha teksi ya Peugeot 404. "Ukipata lita tano, unajua kila lita itakufikisha wapi." Aliondoka taratibu kama aliyepakia mayai, akabadili gia mapema, akaichukia breki: kila ukiikanyaga, anasema, unatupa mwendo ulioulipia. Akishuka kilima cha Bugando alitoa gia, na siku za ukame alizima injini kabisa, gari likateremka kimya na abiria wakashika viti.

Kwa injini ya kabureta hesabu hiyo ilikuwa na mantiki. Gari likiwa kwenye gia, magurudumu huizungusha injini kwa nguvu, nayo huendelea kunyonya petroli hata mguu ukiwa umeachia. Ukitoa gia, injini hupoa na kuzunguka polepole. Gharama iliangukia breki, ambazo sasa zilibeba uzito wote peke yake. Zikichemka, hakuna kingine cha kulizuia gari. Wachumi wanaoandika kuhusu kubana matumizi ya mafuta hawaihesabu hofu ya aina hii, na nadhani wanakosea.

Kisha zikaja injini za EFI. Humo, ukiachia kanyagio la mafuta kwenye mteremko huku gia imo, kompyuta hukata petroli kabisa. Magurudumu yanaizungusha injini bure. Ukitoa gia, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizime. Mbinu iliyookoa mafuta mwaka 1980 inayapoteza leo kwenye mteremko uleule, na hatari ya breki iko palepale.

Bado inafanyika. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mwanza hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya safari ileile ndefu. Kijana mmoja wa teksi, ambaye hajawahi kuona kabureta ya gari, alitoa gia mbele yangu tukishuka Bugando. Nikamuuliza amejifunza wapi. Kwa aliyemfundisha, akasema, ambaye naye alikuta hivyohivyo. Nikamweleza habari ya kompyuta. Alisikiliza kwa adabu, akatazama mshale wa mafuta.

"Sasa dada, hayo yanayokatwa nitayaona wapi? Nikitoa gia, injini nasikia imetulia."