Kivuli kilichozaliwa na uhaba

Juzi usiku nimemaliza Prince of Persia, ule mchezo wa zamani unaokupa dakika 60 tu kumwokoa binti wa Sultani. Vidole bado vinauma, lakini kilichoninyima usingizi ni kile kivuli.

Jordan Mechner alianza kuutengeneza mwaka 1985 kwenye tarakilishi ya Apple II. Ili shujaa atembee kama binadamu, alimrekodi mdogo wake David kwa video akikimbia na kuruka, kisha akamchora picha baada ya picha. Picha hizo zikajaza kumbukumbu ya mashine. Adui akakosa pa kukaa. Basi Mechner akazichukua picha zilezile, akazisogeza kidogo na kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe kwa hesabu ya XOR. Akapata adui wa bure: kivuli. Mchezo ukatoka 1989.

Ukipigana nacho, kila pigo unalokipa linakuumiza wewe mwenyewe. Dawa ni kurudisha upanga alani.

Msimbo asilia ulipotea miaka mingi, hadi 2012 babake alipozikuta disketi ndani ya sanduku. Wataalamu wakazisoma, naye Mechner akauweka mtandaoni tuusome sote.

Mimi disketi za programu yangu ya kwanza nilizitupa tulipohama nyumba. Nilidhani ni takataka. Je, za kwako ziko wapi? Kazitafute leo.