Makinikia, Daftari na Kanzidata

Wanafunzi huniuliza kanzidata ipi ni salama zaidi. Mimi huwarudisha mwaka 2017, kwenye makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi, migodi iliyopo Kahama, mkoani Shinyanga.

Makontena 277 yalikuwa yamezuiwa Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilimweleza Rais Magufuli kwamba kontena moja lilikuwa na wastani wa kilo 28 za dhahabu, kiasi kilichozidi mno kile cha kwenye nyaraka. Acacia ikakana. Wengi tuliujadili ugomvi ule kama habari ya wizi, wengine kama ubeberu. Kwangu ulikuwa pia ugomvi wa kumbukumbu: mgodi ulikuwa na hesabu zake, kamati ikaja na zake, na haikuwapo rekodi moja ambayo pande zote zingeiamini.

Mwaka huohuo Sheria ya Madini ilirekebishwa, wakala wa ukaguzi wa madini ukafutwa, na Tume ya Madini ikaundwa. Machi 2019 soko la madini likafunguliwa Geita, mchimbaji mdogo akaanza kuuza dhahabu yake mbele ya mizani ya serikali. Mizani hiyo nayo huandika mahali fulani.

Mnunuzi wa Katoro mwenye kompyuta moja anatoshwa na SQLite: kanzidata nzima ni faili moja, wala haihitaji seva. Ila haina akaunti za watumiaji. Mwenye uwezo wa kuandika kwenye faili hilo aweza kufuta mauzo ya jana, na aliyelinakili kwenye flashi ameondoka na duka zima. Kwa ofisi yenye makarani wengi naipendelea PostgreSQL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Humo kila mtumishi hupewa jina lake na mipaka yake: karani wa mizani aongeze mstari, asiweze kuufuta, kosa lisahihishwe kwa mstari mwingine, kama ilivyo desturi ya leja. Zote mbili hazilipiwi leseni, hivyo mzabuni anayepima usalama kwa bei hanishawishi.

Ndugu watumishi wa umma, kabla ya kutia saini mkataba wa mfumo, ulizeni: msimamizi mkuu akibadili uzito wa dhahabu usiku, nani mwingine ataona? Ikiwa kumbukumbu za matendo yake zinakaa kwenye seva ileile, chini ya nywila yake mwenyewe, hakuna atakayeona.