Auto si ya waoga, lakini stoli ya 3,500 Merigi? Hapana

Kuna jamaa wa hapa Merigi ana Subaru ya auto. Ameshaiwekea tabo kubwa na sasa anachanga pesa anunue konvata ya stoli ya juu, ile ya 3,500. Wenzake wanamcheka: auto ni ya waoga, weka manual! Hao hawajui historia. Na yeye naye ameisoma nusu.

Konvata ni ile duara nzito inayokaa kati ya injini na giaboksi. Chukua feni mbili zitazamane, washa moja, ya pili itaanza kuzunguka bila kuguswa. Ndani ya konvata ni oili badala ya upepo, na katikati kuna gurudumu dogo linaloirudisha hiyo oili kwa njia inayoongeza nguvu gari ikiondoka. Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyeisajili mwaka wa 1905, na hakuwa anawaza gari hata kidogo. Alikuwa mtu wa meli: mtambo wa mvuke ulizunguka kasi kuliko rafadha ilivyohitaji. Kwa gari za kawaida, Buick waliiweka kwenye Dynaflow mwaka wa 1948.

Sasa njoo nyumbani. Safari Rally ya 1979, Shekhar Mehta akashinda na Datsun 160J. Nyuma yake, namba mbili, alikuwa Hannu Mikkola na Mercedes 450 SLC 5.0, V8 ya auto, gia tatu tu! Desemba mwaka huo, Bandama kule Ivory Coast, hizo Mercedes zikachukua nafasi nne za kwanza, na ya nne ilikuwa ya Mkenya, Vic Preston Jr. Waoga hao?

Kwa barabara zetu ilikuwa na maana. Tairi likiingia shimoni au likishika ghafla baada ya kuteleza kwa matope, oili inameza ule mshtuko kabla haujafika kwa shafti. Dereva naye hakanyagi klachi siku nzima.

Lakini stoli ya juu haikutoka huko. Hiyo ilipata jina Marekani, kwa mbio za robo maili, mita 402 za lami iliyonyooka. Unakanyaga breki na mafuta pamoja, injini inapanda hadi 3,500, tabo inaamka, unaachilia. Sekunde chache na mbio zimeisha, oili inapata muda wa kupoa.

Hapa nani atakupa huo muda? Uko nyuma ya lori la majani chai, mlimani, kilomita 20 kwa saa. Injini iko chini ya stoli yake, kwa hivyo konvata inateleza tu, na nguvu inayopotea inageuka joto kwa oili. Oili ikiungua, klachi za ndani ya giaboksi zinafuata. Hapo si bei ya konvata tena, ni bei ya giaboksi nzima.

Halafu ile 3,500 si namba iliyochongwa kwa chuma. Inategemea nguvu inayoisukuma. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, na kabla tabo haijaamka injini ni dhaifu kuliko ilivyo Mombasa. Konvata ileile inaweza kukupa stoli ya chini kidogo huku. Kwa hivyo ukiagiza kwa namba uliyoona kwa video ya Marekani, umeagiza kitu kingine.

Nilimwambia aanze na rejeta ya oili ya gia na geji ya joto, aendeshe mwezi mmoja kwa hizi milima, kisha achague konvata iliyozidi ya kiwandani kidogo tu, na iwe na loku ya kushikanisha feni zote mbili akiwa kwa mwendo. Jana amenitumia picha ya geji. Konvata bado hajaagiza.