Sengu na Ngokela: Kazi Isiyo na Ujira katika Milima ya Umatengo

Nyanda za juu za Umatengo, kusini mwa Tanzania, zimesimama kati ya mji wa Mbinga na Ziwa Nyasa. Ni nchi ya miteremko mikali, na Wamatengo wameilima kwa vizazi bila trekta wala plau. Katikati ya karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma watu wengi waingie milimani, wakabanana katika eneo dogo ambalo halikuruhusu kilimo cha kuhamahama. Ardhi ilibidi itunzwe isichukuliwe na mvua. Njia iliyotumika ni ngolo, yaani mashimo yanayochimbwa kwa safu katika uso wote wa mlima, yakizuia maji yasiteremke na udongo.

Kazi ya ngolo huanza mvua za masika zinapokaribia kuisha, mnamo Machi. Wanaume hukata nyasi kwa nyengo, huziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayopishana mpaka mlima wote unakuwa na miraba. Wanawake hufuata na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kufunikia nyasi, hivyo katikati panabaki shimo na pembeni yanainuka matuta. Maharage hupandwa kwenye matuta hayo. Mahindi huja msimu unaofuata, mwishoni mwa mwaka, nyasi zikiwa zimeoza na kuwa mbolea.

Walioandika juu ya ngolo wameisifu zaidi kwa uhifadhi wa udongo, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini ngolo ilikuwa pia mpango wa kazi. Kundi la pili halikuweza kuanza kabla la kwanza halijamaliza, kwa hiyo ucheleweshaji wa wanaume wachache ulisimamisha majembe ya wanawake wote na kupunguza siku za kupanda zilizobaki. Miraba nayo iligawa mlima katika vipande vinavyoonekana na kuhesabika. Aliyelima vizuri alijulikana, na aliyefunika nyasi kwa udongo haba alijulikana pia, maana mvua ya kwanza kubwa ilibomoa tuta lake na kumwaga maji katika mashimo ya chini. Kasoro ya mmoja ilimwangukia jirani, na kila mtu aliiona ilikotoka.

Kaya moja haikuweza kumaliza mteremko mzima kwa wakati. Ndipo ilipoitwa ngokela, kazi ya kusaidiana, ambapo mwenye shamba huitisha siku na majirani na ndugu hufika na zana zao. Hakuna ujira wa fedha. Mwenyeji huandaa chakula na pombe ya kienyeji, kazi inafanywa kwa pamoja, na jioni watu hukaa kunywa. Haikuwa bure kamili: kila aliyekuja alikuwa ameweka akiba ya nguvu ambayo angeidai msimu wake ukifika. Asiyekwenda kwa wenzake bila sababu alijua shamba lake litakavyobaki siku atakapoita yeye. Adhabu hiyo haikuhitaji hakimu wala faini.

Hata hivyo ngokela ilikuwa na upungufu ambao si vema kuufunika kwa sifa za ujima. Kuandaa pombe kulitaka nafaka. Kaya yenye ghala tupu, hasa ya mjane au ya mgonjwa, ndiyo iliyohitaji mikono zaidi na ndiyo iliyopata taabu zaidi kuiita. Mwenye mavuno mengi aliweza kuita mara nyingi.

Pengo hilo kwa sehemu lilizibwa na sengu. Sengu ilikuwa mahali pa ukoo, ambapo wanaume na vijana wa familia moja pana walikutana kula pamoja chini ya mzee wao, kila nyumba ikileta chakula chake. Kwa kutazama kilicholetwa, mzee alijua nyumba ipi imeishiwa na nyumba ipi ina ziada. Kwa kutazama waliokaa, alijua nani hayupo. Maongezi ya baada ya kula yalihusu mipaka ya mashamba, ndoa, ugomvi na kazi ya siku zijazo. Vijana walifundishwa hapohapo, na aliyetega kazi alisemwa mbele ya watu ambao angekula nao tena kesho. Kushindwa kwa mtu hakukukaa muda mrefu bila kujulikana, na kujulikana kwenyewe kulitokea kati ya watu waliokuwa na wajibu wa kumsaidia. Wanawake, ambao walipika chakula hicho na kuchimba mashimo ya ngolo, hawakuwa na kiti katika mazungumzo ya sengu. Uwajibikaji wa sengu ulikuwa na jinsia.

Utawala wa kikoloni ulileta kazi ya namna nyingine. Wajerumani, na Waingereza baada yao, walidai kodi, na sheria ya mamlaka za wenyeji ya miaka ya 1920 iliruhusu watu waamriwe kufanya kazi za umma kama vile barabara. Kazi hiyo ilisimamiwa kwa orodha na amri, na asiyefika aliadhibiwa na wakubwa badala ya kukosa msaada wa jirani. Ni kosa kuichanganya na ngokela kwa sababu tu zote mbili zilifanywa na watu wengi.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na kahawa, iliyoanza kuenea Umatengo katika miaka ya 1920. Mbuni ni mti wa kudumu na mapato yake ni ya kaya. Kijana aliyekuwa na mibuni yake alipata fedha za kodi, za ada ya shule na za bati bila kupitia kwa mzee. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoundwa katika miaka ya 1930, kilishughulika na mkulima kwa jina lake na kwa uzito wa mazao yake. Kidogo kidogo nyumba zilianza kula kila moja peke yake, na vibarua wa kulipwa wakaingia mashambani. Sengu ilififia. Ngokela ilibaki, lakini bila kile kikao cha sengu kilichoiangalia.

Karibu na wakati wa uhuru, mkoa wa Ruvuma, ambamo Umatengo umo, ulijaribu tena kazi ya pamoja, safari hii upande wa Songea. Kijiji cha Litowa kilianzishwa mwaka 1960 na vijana wa chama cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, na mwaka 1963 kikawa kiini cha Ruvuma Development Association. Wanachama walilima pamoja na kuamua mambo yao katika mikutano ya wote. TANU iliivunja jumuiya hiyo Septemba 1969. Vijiji vilivyofuata katika miaka ya 1970 vilipangwa kutoka juu, na mwaka 1976 serikali ilifuta vyama vikuu vya ushirika.

Jina la sengu lilirudi kwa njia ambayo wazee wasingeitarajia. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto na kusaidiwa na JICA, shirika la misaada la Japani, walifanya kazi katika milima ya Mbinga. Mradi uliofuata, wa 1999 hadi 2004, ulisaidia kijiji cha Kindimba kujenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Wanakijiji walitoa nguvu zao, na kamati iliyosimamia shughuli hiyo ikaitwa Sengu. Tofauti na sengu ya zamani, hii ilikuwa ya kijiji kizima, na watu wa koo mbalimbali walilazimika kuaminiana. Kutoka kwenye mashine, juhudi zilisambaa hadi kwenye vikundi vya kupanda miti na kufuga samaki.

Mashine ilileta jambo ambalo ngolo haikuwa nalo: makusanyo ya fedha. Tuta bovu huonekana na kila apitaye, lakini shilingi iliyopungua haionekani bila daftari, na daftari halisaidii lisiposomwa mbele ya waliotoa jasho. Ndiyo maana vikundi vya kujitolea vya aina hii huhitaji mtunza hazina, kitabu cha mahudhurio na mkutano wa kusomeana hesabu, kazi ambayo sengu ya kwanza iliifanya kwa macho na kwa sahani za chakula.